Jukwaa lako lina kimo gani?

Mwulize promota wa Kigoma kuhusu shoo ya Jumamosi, atakutajia msanii anayekuja, kiingilio, jenereta na idadi ya spika. Mwulize jukwaa lina kimo cha sentimita ngapi, atakutazama kama umemwuliza uzito wa kivuli chake. Kwa msanii anayetumia kitimwendo hilo ndilo swali la kwanza, kabla hata ya malipo. Jibu lake ndilo linaloamua kama atapanda jukwaani kwa magurudumu yake mwenyewe, au atabebwa mgongoni na vijana wa mitambo mbele ya umati, suruali imepanda hadi gotini, huku MC akihamasisha, "Makofi jamani, makofi!"

Msanii aliyeingia kwa kubebwa ameshachukuliwa onyesho lake kabla ya wimbo wa kwanza. Watu hawaji tena kusikiliza sauti, wanaangalia kama ataanguka.

Hapa ndipo naona tumekuwa tukiwasikia vibaya wasanii wenye ulemavu wanaodai nafasi kwenye burudani. Wao wakisimama kuzungumza, wanataja vipimo: kimo cha jukwaa, upana wa mlango, urefu wa stendi ya maiki, nauli ya msaidizi, saa ya kujaribu mitambo. Ni mambo ya fundi seremala, fundi mitambo na mhasibu. Sisi tunawajibu kwa lugha ya mgeni rasmi: tunawapenda, tunawathamini, wao pia wanaweza. Kila Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, majibu hayo husomwa kwenye vipaza sauti, na mara nyingi juu ya jukwaa ambalo wenye siku yao hawawezi kulipanda.

Na isidhaniwe kwamba ni shida yetu peke yetu, huku Kigoma mwisho wa reli. Juni 2019, kwenye tuzo za Tony, zile za michezo ya kuigiza ya jukwaani, jijini New York, Ali Stroker alikuwa mwigizaji wa kwanza anayetumia kitimwendo kushinda tuzo hiyo. Ukumbi ulikuwa Radio City, mmoja wa kumbi maarufu duniani. Kutoka kwenye viti vya watazamaji kwenda jukwaani hapakuwa na njia ya magurudumu, kwa hiyo wakati wenzake wakisubiri majina yao wakiwa wameketi na familia zao, yeye alisubiria nyuma ya jukwaa. Fedha haikukosekana pale. Kilichokosekana ni mtu wa kujiuliza, siku ile jukwaa linachorwa, itakuwaje mshindi asipotembea. Miaka mitatu baadaye, kwenye tuzo za muziki za Grammy za 2022, mambo yalionekana tofauti: mteremko wa kupandia jukwaani uliwekwa mahali unapoonekana, na wakalimani wa lugha ya alama wakawapo kwenye zulia jekundu. Nyuma ya mabadiliko hayo kulikuwa na RAMPD, umoja wa wanamuziki wenye ulemavu ulioasisiwa na mwimbaji Lachi, ambaye haoni vizuri. Hawakwenda kuomba waonewe huruma. Walikwenda na orodha ya vitu vya kufunga.

Basi tuishushe orodha hiyo hapa kwetu, tuanze na mbao.

Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo cha jukwaa inadai sentimita 12 za urefu wa mteremko. Jukwaa la sentimita 90 linataka mteremko wa mita 10.8. Bodi la lori la Fuso, ambalo huku kwetu hugeuzwa jukwaa mara kwa mara na hukaa kama mita 1.1 kutoka ardhini, linataka mita 13.2. Promota akisikia hivyo hukata tamaa papo hapo, na ndipo vinapotafutwa vijana wanne wenye misuli. Lakini hesabu hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kichwa chini. Shusha jukwaa hadi sentimita 40, mteremko unakuwa mita 4.8. Shiti moja ya plaiwudi ina urefu wa mita 2.44 na upana wa mita 1.22. Shiti mbili zikiungwa ncha kwa ncha zinatoa mita 4.88. Yaani plaiwudi mbili za milimita 18, bila kukata hata kipande, ndizo mteremko kamili wa jukwaa la sentimita 40, na upana wake unatosha kitimwendo na mtu wa kusindikiza.

Chini ya plaiwudi panakaa mistari mitatu ya mbao za inchi mbili kwa nne, zimesimama kwa ubavu, mmoja kila ukingo na mmoja katikati. Mistari hiyo mitatu ni mita 14.64, sawasawa na mbao nne za futi 12. Nunua sita, maana miguu na viungo navyo vinakula. Kuanzia mita 1.2 ya mwisho, upande wa chini, kimo cha mteremko kinakuwa kidogo kuliko kimo cha ubao wenyewe, kwa hiyo ni lazima mbao zichongwe mshazari hadi ziishe ardhini. Mafundi wengi huruka hatua hii na kuacha kidato cha sentimita tano au sita mwanzoni. Kwa mtu anayetembea, hicho si kitu. Kwa kitimwendo ni ukuta: yale magurudumu madogo ya mbele yanagota, kiti kinasimama ghafla, aliyekikalia anaendelea na safari.

Hata ile milimita 18 ya unene wa plaiwudi pale inapogusa ardhi inatakiwa kupigwa randa mpaka iwe mshazari. Kiungo cha katikati lazima kiangukie juu ya ubao wa kukatiza wenye miguu yake, la sivyo shiti mbili zinabonyea kwa viwango tofauti na pale pale katikati panazaliwa kidato kingine. Funga kwa skurubu. Misumari peke yake hulegea, kwa sababu besi ya spika inatikisa jukwaa zima kwa saa nne mfululizo. Pembeni pigilia ukingo wa sentimita tano ili gurudumu lisichungulie nje. Chini ya kila mguu weka jiwe bapa au kipande cha ubao, hasa kuanzia Novemba ambapo ardhi ya Kigoma imeshalowa na mguu mwembamba unazama taratibu, upande mmoja tu, bila kumwambia mtu.

Juu ya plaiwudi paka rangi iliyochanganywa na mchanga laini. Zulia jekundu, ambalo kila mpambaji atataka kulitandika, ndilo adui mkubwa kuliko wote: linajikunja mbele ya gurudumu na likilowa linateleza. Kama ni lazima liwepo kwa ajili ya picha, likae kwenye ngazi, kule wanakopita waheshimiwa.

Juu kabisa acha nafasi tupu ya mita 1.5 kwa 1.5 ya kugeuzia kiti. Nafasi hiyo huonekana nzuri sana kwa mpiga drams, na ndipo atakapofunga vyombo vyake usipomwahi.

Kwetu kuna hesabu nyingine ya ziada, kwa sababu wengi wa wasanii hawa hawana kitimwendo cha kisasa. Wana ile baiskeli ya magurudumu matatu inayonyongwa kwa mikono. Hiyo ni ndefu zaidi, haizunguki kwenye mita 1.5, inataka zaidi ya mita mbili. Na mnyororo wake huvuta gurudumu la mbele. Ikianza kupanda mteremko uzito wote unarudi nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kuzunguka bure, hasa mbao zikiwa na unyevu. Fundi aliyefuata vipimo vyote atashangaa kuona msanii amekwama katikati, na watu watasema hana nguvu. Dawa ni mtu mmoja wa kusukuma kwa nyuma, aliyekubaliana na msanii mapema, si kundi la wasamaria linalomvamia huku kila mmoja akishika chuma chake.

Nasema haya nikijua kwamba jukwaa la sentimita 40 halifai kwa umati wa Uwanja wa Lake Tanganyika, watu wa nyuma hawataona kitu. Pale litakuwa la juu, na huenda likawa bodi la gari. Lakini Kigoma ni mji wa miteremko. Ukitoka ziwani kwenda Mwanga unapanda, ukienda Katubuka unapanda. Sehemu nyingi zinakofanyikia promosheni za mitaani zina kingo za udongo ambazo Fuso ikirudishwa nyuma kuzielekea, bodi lake na ardhi ya juu vinakaribia kulingana. Hapo unabakiwa na daraja la shiti moja. Wapakiaji wa magunia wanalijua jambo hili siku zote na hulitumia ili wasipandishe mzigo mgongoni. Sijaelewa kwa nini gunia la dagaa lifikiriwe kuliko mwimbaji.

Tuseme sasa msanii ameshafika juu. Kinachofuata kumwangusha ni mitambo. Maiki ya stendi iliyonyooka, yenye sahani ya chuma chini, haikaribii kitimwendo kwa sababu sahani inagonga sehemu ya kuwekea miguu, na mwimbaji anabaki ameinamisha shingo mbele wimbo mzima. Inatakiwa stendi ya mkono mrefu inayoingia kwa ubavuni, kichwa cha maiki kikae kati ya mita 1.1 na 1.2 kutoka sakafuni. Monita za mbele, zile spika zinazomrudishia mwimbaji sauti yake, nazo zimeelekezwa kwenye masikio ya mtu aliyesimama. Aliyeketi sauti inampita juu ya kichwa, hajisikii, anaanza kupaza koo, fundi anaongeza sauti ya monita, maiki inalia miluzi, na lawama zinamshukia mwimbaji kwamba ametoka nje ya ufunguo. Isogeze monita nyuma au ilaze zaidi, basi. Na iondolewe katikati: monita ya kawaida ikiwa mbele ya mtu aliyeketi, watu wa mstari wa kwanza wanaona paji la uso tu.

Kwa asiyeona, kazi kubwa inafanyika saa moja kabla ya watu kuingia. Anazungushwa jukwaani akiwa ameshika kiwiko cha msindikizaji (yeye ndiye anayeshika, havutwi mkono kama mtoto), anahesabu hatua kutoka ngazi hadi maiki, anagusa stendi, anaijua spika iliyo kushoto. Baada ya hapo hakuna kinachohamishwa, hata chupa ya maji. Nyaya zipite nyuma au zibandikwe sakafuni kwa gundi pana. Monita moja iwekwe mbele yake kabisa, kwa sababu ndiyo inayomwambia hadhira iko upande gani. Wapo wasioona walioimba wimbo mzima wakiuelekea ukuta, na watu wakacheka, kumbe fundi alikuwa ameisogeza monita kumpisha mpiga picha.

Mwimbaji mwenye ualbino ana mambo yake mawili, jua na mwanga. Kigoma shoo nyingi za wazi huanza saa nane mchana na msanii chipukizi ndiye anayetangulia, kwa hiyo ndiye anayechomwa. Mpange baada ya saa kumi na moja jioni. Ikishindikana, kivuli kiwe juu ya jukwaa lote, siyo juu ya meza kuu peke yake, na mafuta ya kinga ya jua yapakwe mapema, nusu saa kabla, yarudiwe kila baada ya saa mbili na mapema zaidi akitoka jasho. Mafuta haya yanatengenezwa hapa nchini, hospitali ya KCMC, Moshi, kwa jina la Kilisun. Usiku adui ni taa. Macho ya watu wengi wenye ualbino hayahimili mwanga mkali na huchezacheza yenyewe, hivyo taa iliyofungwa usawa wa uso inamfumba kabisa. Zipandishwe, zitoke pembeni. Zile za kumetameta ziachwe kwa DJ. Ukingo wa jukwaa upigwe utepe mweupe wa sentimita tano ili aone jukwaa linaishia wapi, na utepe huo huo ukiwekwa utawasaidia pia wale wasio na ulemavu wowote ambao kila mwaka hutumbukia kwenye shimo la wapiga picha.

Viziwi ndio wanaosahauliwa kwa dhana kwamba muziki hauwahusu. Mcheza ngoma kiziwi anasikia besi kwa nyayo. Jukwaa la mbao linapitisha mtikisiko, sakafu ya zege inaumeza. Spika ya besi ikikaa juu ya mbao zile zile anazochezea, anashika mapigo. Ikiwekwa chini kwenye udongo, anabaki kutegea macho kwa mwenzake na kila hatua yake inachelewa kidogo. Kwenye ngoma zetu za asili, pale mpigaji anapoonekana mikono yake, tatizo hili ni dogo. Linaanza tunapoweka biti ya kompyuta na mpigaji haonekani popote.

Mkalimani wa lugha ya alama naye hawekwi kona ya giza nyuma ya spika. Akae karibu na msanii, ili mtazamaji asilazimike kuchagua nani wa kumwangalia. Avae nguo isiyo na maua, ya rangi inayotofautiana na ngozi yake, ili mikono isomeke. Awe na taa yake isiyozimwa jukwaa linapowekwa giza kwa mbwembwe. Wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu akili ya mkalimani huchoka kabla ya mikono na makosa yanaanza bila yeye kujua. Na wapewe mashairi siku kadhaa kabla. Msitari wenye fumbo au wa Kiha uliochomekwa ndani ya Kiswahili hautafsiriki papo hapo. Atausema kwa maneno yake, na mzaha wote utapotea.

Jina tunalowaita wenyewe liko nje ya hesabu hii, ila nisipolisema nitakuwa nimemwacha MC salama. Kiswahili cha zamani kiliweka karibu kila hali hii kwenye ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Leo tunasema mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino, mtu mwenye ulemavu wa viungo, na lile neno la zamani la watu wenye ualbino halina nafasi kwenye maiki ya mtu yeyote. Lakini viziwi wenyewe wameamua vingine. Chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, na neno kiziwi hawalikatai. Wanalolichukia ni bubu. MC anayezunguka na "wenzetu wenye changamoto ya usikivu" anadhani ana adabu kuliko wenyewe. Njia fupi ni kumwuliza msanii, pale wakati wa kujaribu mitambo, anataka kutambulishwaje. Wengi watajibu: kwa jina langu la sanaa na jina la wimbo.

Halafu kuna fedha. Hapa lipo jambo la kwetu kabisa, ambalo wageni hawalioni. Kwenye taarabu na ngoma, mtu akipanda kumtunza mwimbaji anamheshimu: noti zinabandikwa kwenye paji la uso, zinatupwa miguuni, mwimbaji anazidi kupamba. Mwimbaji mwenye ulemavu akitunzwa, tendo ni lile lile ila macho ya watu yanalisoma kama sadaka. Na promota analisoma hivyo hivyo kwa faida yake, akimwambia baada ya shoo kwamba "si umeshapata kule jukwaani?" Malipo yanageuka nauli na soda. Tuzo ya watazamaji ni ya msanii juu ya malipo yake, kwa kila msanii, na iandikwe hivyo kwenye mkataba.

Mkataba wenyewe hauhitaji zaidi ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa kila msanii: kiasi, nusu yake kabla ya siku, saa ya kupanda, dakika za kuimba. Wa pili ni karatasi ya mahitaji: kimo cha jukwaa, mteremko, upana wa mlango usiopungua sentimita 80, choo kisicho na ngazi na ambacho mlango wake unafungukia nje, stendi ya aina gani, dakika ngapi za kujaribu mitambo, na nauli na chakula cha msaidizi mmoja. Kipengele cha msaidizi ndicho kinachokatwa kwanza. Anayekikata hajafikiria safari ya treni ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, mabehewa yenye ngazi nyembamba, au maboti ya Kibirizi yanayopakia abiria kutoka mchangani. Kitimwendo kikilowa maji kwenye boti na hakuna wa kukikausha, bearing zake zinaanza kukwaruza wiki hiyo hiyo.

Wapo watakaosema sheria ipo. Ipo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni Na. 9 ya 2010, na mwaka mmoja kabla yake Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinazitaka nchi ziwawezeshe watu hawa kukuza na kutumia vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii. Lakini kipengele cha sheria yetu kinachotajwa zaidi, kile cha asilimia 3 ya wafanyakazi, kinamgusa mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea. Kikundi cha ngoma cha Ujiji chenye watu 12, bendi ya watu tisa, studio ya watu wawili, vyote viko nje. Sheria iliandikwa ikiwa na ofisi akilini, na burudani yetu haina ofisi. Ndiyo maana karatasi ya mahitaji inafanya kazi ambayo kwa sasa sheria haiifanyi.

Hadhira nayo ihesabiwe. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi nchini wana ulemavu wa aina fulani. Kwenye ukumbi wa watu 300 hao ni kama 33. Hawaji 33. Ngazi zimewabakiza nyumbani pamoja na viingilio vyao, na mara nyingi pamoja na ndugu ambao wangekuja nao.

Kwamba vipaji vipo, sidhani bado inahitaji kuthibitishwa. Khadija Shaaban Taya, Keisha wa Bongo Fleva, mwanamke mwenye ualbino, jina lake lilitangulia kwenye muziki kisha 2020 likafuata bungeni. Kutoka Ukerewe, Tanzania Albinism Collective walitoa albamu na kupanda jukwaa la tamasha la WOMAD huko Uingereza mwaka 2017. Na upande wa pili wa ziwa letu, kwenye nchi ambayo rumba yake imekuwa ikitua bandarini Kigoma tangu enzi za santuri, Staff Benda Bilili wa Kinshasa, wengi wao wakiwa wamepooza miguu kwa polio, walizunguka Ulaya wakiwa juu ya baiskeli za magurudumu matatu kama hizi zetu, na kijana wao akipiga chombo cha waya mmoja alichokiunda kwa kopo. Majukwaa ya Ulaya yalizipandisha baiskeli zile. Ya kwetu yangekwama pale kwenye kidato cha plaiwudi.

Filamu nazipitia haraka, maana huko hali ni mbaya kwa namna isiyohitaji uchambuzi mwingi. Ulemavu ni adhabu ya mhusika mbaya au mtihani wa mhusika mwema, na dakika kumi za mwisho mguu unapona. Mwigizaji asiye na ulemavu hupewa fimbo nyeupe na kuichomeka mbele kama anachoma samaki, wakati fimbo hupepewa chini kushoto na kulia: mguu wa kulia ukienda mbele, ncha inagusa kushoto. Akipewa kitimwendo, cha hospitali, anasukuma kwa kushika tairi lenyewe badala ya ile duara ya chuma ya pembeni. Mtu mmoja mwenye ulemavu kwenye kundi la waigizaji angeyarekebisha yote mawili kabla ya kamera kuwashwa.

Nirudi kwenye mteremko wetu, kwa sababu kuna swali limebaki: baada ya shoo unakwenda wapi? Kwa mazoea yetu, plaiwudi mbili safi zikilala nyuma ya ukumbi hazimalizi wiki. Moja itakuwa meza ya chipsi, nyingine paa la banda la kuku, na mwakani promota atasema kwa haki kabisa kwamba aliwahi kununua na zikapotea. Kwa hiyo usiwe mali ya promota. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Maombi mengi tuliyoyazoea ni ya ufugaji wa kuku na cherehani. Kikundi cha wasanii wenye ulemavu cha Gungu au Ujiji kinaweza kuomba plaiwudi, stendi mbili za mkono mrefu, utepe, na bawaba za kuufanya mteremko ukunjike katikati ili uingie kwenye kirikuu, ile pikapu ndogo. Kisha kikaukodisha. Kumbi za harusi zinauhitaji kila Jumamosi, kwa bibi wa bwana harusi kabla hata ya msanii. Makanisa yanauhitaji. Mpiga drams mwenyewe atautaka, akishaona jinsi spika za besi zinavyopanda juu yake kwa mtu mmoja badala ya wanne.

Masharti ya kukodisha yawe mawili: urudi umekauka, na ulale ndani, umeinuliwa juu ya matofali. Mvua za Novemba zikiikuta plaiwudi nje usiku baada ya usiku, gundi inaachia, tabaka zinafunguka kama kurasa, na skurubu za ukingo zinalegea.